Nondo asiyekula: maisha ya Bunaea kwenye baridi ya milima ya Kivu

Mvua za Septemba zinapoanza Bukavu, mashariki mwa Kongo, si ajabu kukuta asubuhi, chini ya taa ya nje, bawa moja limelala peke yake kwenye sementi. Urefu wake unakaribia kidole cha kati cha mtu mzima, rangi yake ni ya udongo mwekundu uliolowa, na ukilipangusa unabaki na unga kidoleni kama wa kakao. Likiwa ni bawa la nyuma, lina doa la mviringo la rangi ya chungwa lililozungushiwa pete nyeusi, mfano wa jicho. Mwili wenyewe haupo. Popo ameula usiku, au paka, au ndege aliyewahi kuamka, na mabawa yameachwa kwa sababu hayana cha kutafuna.

Mwenye bawa hilo mara nyingi ni nondo wa jenasi Bunaea, jenasi ikiwa ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Wengi mjini humwita tu kipepeo cha usiku, na hawajakosea sana, kwani nondo na vipepeo ni oda moja, Lepidoptera, yaani wadudu wenye mabawa ya magamba. Unga ule wa kidoleni ndio magamba yenyewe, maelfu kwa maelfu, yamepangwa juu ya utando wa bawa kama vigae juu ya paa. Akitandaza mabawa, Bunaea hufikia sentimita 10 hadi 16. Hata aliye mdogo anajaza kiganja.

Kuna jambo moja ambalo likishaeleweka kuhusu mdudu huyu, mengine yote yanajipanga: nondo mzima hali kitu. Kinywa chake kimebaki alama tu. Hana mrija wa kufyonza maua, hanywi hata maji. Nguvu anayorukia, anayotafutia mwenzi na kutagia mayai ilikusanywa na kiwavi miezi kadhaa nyuma, ikahifadhiwa mwilini kama mafuta. Kiwavi ndiye mapato, nondo ndiye matumizi. Na katika milima hii, ambako usiku una baridi hata mwezi wa jua kali, matumizi yana gharama ya ziada ambayo nondo wa tambarare haijui.

Jina lake, na ndugu zake wanaochanganywa naye

Spishi inayojulikana zaidi ni Bunaea alcinoe, iliyopewa jina na mtaalamu wa wadudu Stoll mwaka 1780. Jenasi yenyewe ilianzishwa na mwenzake Hübner mwaka 1819. Imo katika familia ya Saturniidae, familia ya nondo wakubwa kuliko wote wa Afrika, ndani ya kundi linaloitwa Bunaeini ambalo ni la bara hili. Humo humo wamo Imbrasia, Gonimbrasia, Nudaurelia, Lobobunaea, Bunaeopsis, Cirina na Gynanisa. Anayesoma vitabu viwili tofauti kuhusu kundi hili hujikuta haelewi kitu, kwa sababu mdudu yuleyule anaitwa Imbrasia katika kimoja na Gonimbrasia katika kingine. Mfano ni kiwavi maarufu anayekula majani ya mopane huko kusini mwa Afrika: Imbrasia belina na Gonimbrasia belina ni mdudu mmoja, si wawili.

Chanzo cha mkanganyiko si uzembe. Spishi hutambulika kwa kiasi fulani porini kwenyewe, maana wadudu wa spishi moja huzaana. Jenasi haina mpaka wa namna hiyo. Ni makubaliano ya wataalamu kuhusu nani ni ndugu wa karibu wa nani. Hübner na waliomfuata karne ya 19 walitazama mabawa: mishipa yake, madoa, umbo la ncha. Baadaye wakaja waliopasua viungo vya uzazi vya dume, ambavyo hutofautiana hata pale mabawa yanapofanana. Siku hizi husomwa kipande cha jeni kiitwacho COI, chenye herufi 658 za DNA, kutoka mguu mmoja wa nondo aliyekaushwa. Kila kipimo kikija, baadhi ya spishi huhamishwa nyumba. Hata ndani ya Bunaea ugomvi haujaisha: upo mkabala wa kuwaona karibu nondo wote wa bara kuwa alcinoe mmoja anayebadilika rangi sana, huku yule wa Madagaska akisimama peke yake kwa jina la Bunaea aslauga, na upo mkabala wa kumgawa alcinoe katika spishi kadhaa. Kwa mtu aliye shambani Kabare au Walungu, kuandika "Bunaea alcinoe kwa maana pana" kunatosha na ni ukweli.

Kumtofautisha na ndugu zake kwa bawa peke yake kunahitaji jicho lililozoea. Kumtofautisha kwa kiwavi ni rahisi mno. Kiwavi wa Bunaea aliyekomaa ni mweusi kama mahameli, ana safu za miiba minene ya rangi ya maziwa yaliyoganda au ya njano hafifu, na ubavuni ana madoa mekundu ya matundu ya kupumulia. Wa Lobobunaea ni wa kijani. Wa Bunaeopsis huwezi kumpata juu ya mti kabisa, kwa sababu anakula majani ya nyasi. Ndiyo maana anayetaka kuwajua nondo hawa afadhali aanze na mti kuliko taa.

Kiwavi

Jike hubandika mayai yake kwa mafungu kwenye majani au vijiti. Viwavi hutoka baada ya wiki moja hadi mbili, kulingana na joto, na wadogo hukaa pamoja, ubavu kwa ubavu juu ya jani moja. Kukaa pamoja kunawasaidia kutafuna jani gumu ambalo mmoja peke yake angelihangaikia, na miili myeusi iliyosongamana hushika jua la asubuhi haraka. Wakikua hutawanyika. Hujivua ngozi mara nne, hivyo kuna hatua tano za kiwavi, na karibu chakula chote huliwa katika hatua ya mwisho. Mtu anaweza kupita chini ya mti wiki tatu bila kuona kitu, kisha ghafla kwa siku tano matawi yakabaki fimbo na chini kukawa na kinyesi kama punje za pilipili manga. Viwavi hawakuja jana. Walikuwepo muda wote, ila walikuwa wadogo na hamu yao ilikuwa ndogo.

Miti wanayoila ni ya familia nyingi tofauti: Cussonia, Celtis, Croton, Ekebergia na mingine. Orodha ndefu hivyo isidanganye. Kiwavi aliyeanza maisha kwenye mti mmoja mara nyingi hukataa mwingine, hata kama ndugu yake wa bonde la jirani anaupenda. Anayeokota viwavi achukue na tawi walilokutwa nalo, aulize jina lake au aweke jani kavu ndani ya daftari.

Miiba ile, pamoja na ukali wake machoni, haina sumu. Inachoma kama mwiba mdogo wa ua waridi, basi. Tahadhari iwe kwa viwavi wengine wa ukanda huu, hasa wale wa jenasi Anaphe, ambao hutembea kwa msururu na kujisukia kiota kimoja cha hariri kwenye miti kama Bridelia micrantha. Nywele zao ndogo hukatika na kuingia ngozini, zikawasha kwa siku kadhaa; kiota kilichotikiswa huzirusha hewani hadi machoni. Kiwavi mwenye miiba mikubwa inayohesabika kwa macho kwa kawaida hatishi kama mwenye nywele laini zisizohesabika, ingawa hiyo si kanuni ya kuwekea mkono wa mtoto.

Maadui wake wengi ni wadogo kuliko yeye. Nzi wa familia ya Tachinidae humbandikia yai juu ya ngozi; nyigu wembamba humchoma na kuacha mayai ndani. Kiwavi huendelea kula kana kwamba ni mzima, ila anamlisha mwingine. Ukiona kwenye ngozi nyeusi doa jeupe lisilotoka kwa kupangusa, hilo ni ganda la yai la nzi.

Chini ya udongo

Kiwavi aliyeshiba hubadilika tabia kwa siku moja au mbili. Anaacha kula, anatoa kinyesi chenye majimaji, mwili wake unasinyaa kidogo, na anashuka au kujiangusha kutoka mtini. Nondo wengi wa Saturniidae duniani hujifungia ndani ya kifukofuko cha hariri, lakini hawa wa kundi la Bunaeini karibu wote wameacha desturi hiyo. Bunaea anachimba udongoni, anajitengenezea chumba laini kwa kugeukageuka, na humo ngozi ya kiwavi inapasuka na kuacha bundo: kitu cheusi-kahawia, kigumu, chenye ncha nyuma, ambacho hakiwezi kufanya lolote zaidi ya kuzungusha mkia.

Bundo ni muda wa kungoja. Likiwahi kuundwa wakati wa mvua, linaweza kutoa nondo katika miezi michache. Likiundwa karibu na kiangazi, linasimamisha shughuli zake na kukaa kimya, likitumia mafuta kidogo sana, hadi unyevu urudi ardhini. Katika Kivu ya Kusini kiangazi ni Juni hadi Agosti, na hiyo ndiyo sababu bawa la kwenye sementi huokotwa mvua za kwanza zikishaanguka. Kuchelewa kuna maana yake: kiwavi atakayetoka kwenye yai anahitaji majani machanga, na majani machanga hufuata mvua.

Kupasha misuli

Uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima Kahuzi kiko mita 3,308. Kwa wastani hewa hupungua joto takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, hivyo kutoka ufukweni hadi kileleni ni tofauti ya nyuzi 11 hivi. Usiku ambao ufukweni una nyuzi 17, huko juu kileleni unasogelea nyuzi 6.

Misuli ya nondo mkubwa haiwezi kumwinua kwenye baridi hiyo. Ili mabawa yapige kwa kasi ya kutosha, kifua chake lazima kizidi nyuzi 30. Basi anachofanya ni kutetemeka. Mtazame akiwa ukutani kabla ya kuruka: mabawa yamefunguka nusu na yanatikisika kwa mtetemo mdogo wa haraka, kama mtu mwenye homa. Misuli ya kupandisha bawa na ya kulishusha inafanya kazi kwa pamoja badala ya kupokezana, hivyo nguvu karibu yote inageuka joto. Manyoya mazito ya kifuani yanalizuia lisitoke. Baada ya dakika chache anaondoka ghafla. Kadiri hewa ilivyo baridi ndivyo kutetemeka kunavyorefuka, na kila dakika ya kutetemeka ni mafuta yasiyorudi.

Wanyama wengi huweka akiba kwa njia ya mafuta, ila kwa Bunaea mafuta yana faida mbili kwa mpigo. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya sukari, na ikiungua mwilini hutoa maji yanayozidi kidogo gramu moja. Nondo asiyekunywa, kwa hiyo, anakunywa mafuta yake mwenyewe. Kinachomuua mwishoni mwa wiki moja hivi ya maisha yake ya juu si uzee kwa maana yetu, ni ghala tupu.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza tofauti ya dume na jike. Jike amejaa mayai, tumbo lake ni zito, kuruka kunamgharimu sana, kwa hiyo usiku wa kwanza hatembei. Ananing'inia karibu na alipotokea, anatoa ncha ya tumbo na kuachia harufu yake kwenye upepo. Dume ndiye anayetafuta, na vipapasio vyake vimeumbwa kama manyoya ya ndege, vyenye matawi mengi ya kukamatia chembe chache za harufu hiyo. Vya jike ni vyembamba kama uzi. Hapo ndipo pa kutazama ukiulizwa huyu ni dume au jike.

Baada ya mzigo wa baridi, nondo bado ana popo wa kumkabili. Nondo wa familia hii hawana masikio, hawasikii sauti ya popo anayewatafuta. Ulinzi wao uko kwenye magamba. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichunguza gamba moja moja la Bunaea alcinoe kwa vipimo na kwa modeli ya kompyuta, na modeli ikaonyesha linatikisika kwa nguvu kwenye mawimbi ya kilohezi 28.4, 65.2 na 153.1. Sauti za popo wengi wanaowinda kwa mwangwi ziko kati ya kilohezi 20 na 180 hivi. Gamba linalotikisika linameza sehemu ya sauti badala ya kuirudisha, na mwangwi unaomfikia popo unakuwa dhaifu. Haimfichi nondo kabisa, mabawa ya kwenye sementi ni ushahidi. Inampunguzia tu umbali wa kuonekana. Doa la jicho, kwa upande wake, ni la mchana: nondo aliyeguswa na ndege anafunua mabawa ya nyuma kwa ghafla, na ndege anasita.

Kwa nini taa, na taa gani

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba nondo hudhani taa ni mwezi. Mwaka 2024 utafiti uliopiga picha za kasi kubwa ulionyesha kitu rahisi zaidi. Mdudu anayeruka usiku hugeuza mgongo kuelekea upande wenye mwanga, kwa sababu tangu zamani mwanga ulikuwa juu, angani. Taa ikiwa ubavuni, mgongo unageukia ubavuni, naye anajikuta akizunguka bila kutaka. Taa haimvuti, inamnasa.

Anayetaka kuwaona kwa makusudi anahitaji shuka jeupe la mita 2 kwa 1.5, kamba, na chanzo cha mwanga wenye miale ya zambarau isiyoonekana. Ampuli za LED nyeupe za madukani huleta wadudu wachache, kwa kuwa karibu hazina miale hiyo. Ampuli ya zebaki ya wati 160 isiyohitaji balasti (kifaa cha kudhibiti umeme wa taa) inafanya kazi vizuri kwa jenereta ndogo. Ukiwa huna jenereta, tumia utepe wa LED za miale ya zambarau kwenye betri ya volti 12, mradi usiitazame moja kwa moja. Shuka liguse ardhi na kuendelea mbele kama mkeka, maana nondo wakubwa wengi hutua chini, hawapandi. Giza Bukavu huingia baada ya saa kumi na mbili jioni, lakini Bunaea na ndugu zake huchelewa. Wengi hutokea kati ya saa nne usiku na saa nane. Anayezima taa saa tatu kwa kukata tamaa amezima mapema.

Usiku mzuri ni wa mwezi mwandamo, wenye mawingu au ukungu, usio na upepo. Mbalamwezi hufifisha taa. Mvua yenyewe si kizuizi kwa nondo, ni hatari kwa ampuli: tone la maji baridi kwenye kioo cha moto hulipasua, kwa hiyo weka kibati juu yake. Kagua ardhi kabla ya kuweka mkeka. Siafu wakishapita hapo, saa nzima ya kazi inaisha kwa mabawa matupu. Na taa izimwe kabla ya alfajiri, vinginevyo ndege watajifunza kuja kupata kifungua kinywa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega hakuna kuweka taa wala kuokota mdudu bila kibali cha ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo inayosimamia hifadhi. Nje yake, bustani yenye miti ya kienyeji inatosha.

Kufuga, na yanayoharibika

Njia isiyo na maumivu ni kuanza na jike aliyekuja kwenye taa. Wengi wameshapandwa. Mweke ndani ya mfuko wa karatasi uliokunjwa mdomo, mahali penye kivuli, usiku mmoja hadi mitatu, naye atabandika mayai ukutani mwa mfuko. Mfuko wa plastiki haufai, unatoa jasho na mayai yanaota ukungu. Jike akishataga fungu moja, mwachilie akamalizie nje. Kata karatasi yenye mayai kwa mkasi, usiyabandue.

Viwavi wakitoka, wape matawi yaliyochomekwa kwenye chupa ya maji. Hapa ndipo wengi hupoteza kundi zima siku ya kwanza: kiwavi hushuka kando ya tawi, anaingia kwenye chupa na kuzama. Ziba mdomo wa chupa kwa pamba au kitambaa mpaka pasiwe na upenyo. Majani yabadilishwe kabla hayajanyauka, lakini kiwavi aliyetulia na kichwa kimevimba usimwondoe jani alilolishika, anajiandaa kujivua ngozi. Ukimng'oa, ngozi ya zamani inashindwa kutoka miguuni naye anakufa. Acha jani kuukuu pale, weka jipya kando, atahamia mwenyewe.

Hewa ni muhimu kuliko joto. Ndoo yenye chandarua juu ni bora kuliko sanduku lililofungwa. Wapunguze kadiri wanavyokua: walioanza mia kwenye ndoo moja wasizidi kumi na tano au ishirini hatua ya mwisho. Kinyesi kitolewe kila siku, maana kikilowa huota ukungu, na msongamano wenye unyevu ndio mlango wa ugonjwa wa virusi. Dalili haikosewi: kiwavi anapanda juu kabisa, ananing'inia kichwa chini, mwili unalegea kama soksi yenye maji, ukiguswa unapasuka na kutoa uji wa kahawia unaonuka. Hakuna dawa. Choma wagonjwa pamoja na majani yao, hamisha wazima kwenye chombo kingine, osha ndoo kwa javeli (dawa ya klorini ya kusafishia), sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, suuza na kuianika juani. Virusi wa kundi hili wamechunguzwa sana maabara, hasa wale wa jenasi ya Nudaurelia huko Afrika ya Kusini, kwa sababu viwavi wao hufa kwa wingi wanapovamia misonobari.

Kiwavi akianza kuzurura huku kinyesi kimekuwa maji, mhamishie kwenye ndoo yenye udongo wa kina cha sentimita 15. Unyevu wake upimwe kwa kiganja: ukiufinya ushikamane, bila tone kutoka kati ya vidole. Ukiwa mkavu, ngozi ya bundo inakauka kabla haijanyooka. Ukiwa tope, bundo linaoza. Usichimbe kwa wiki mbili hata udadisi ukikuzidi, kwani bundo jipya ni laini kama siagi na kidole kinaliacha na kovu litakalokuwa kilema cha bawa. Baada ya hapo nyunyiza maji mara moja moja tu, na zidisha mvua za nje zikianza.

Kosa la mwisho hufanyika siku ya kutoka. Nondo hutoka na mabawa madogo, yaliyokunjamana kama jani la kabichi, na ana muda mfupi wa kupanda mahali, kuning'inia, na kusukuma maji ya mwili ndani ya mishipa ya mabawa hadi yatandazike. Kuta laini za ndoo ya plastiki hazishikiki. Asipopata pa kupanda, mabawa hukauka yakiwa yamekunjamana, wala hayanyooki tena. Kijiti chenye magome, kilichosimamishwa ndani ya ndoo tangu mwanzo, kinamaliza tatizo.

Sufuria na jembe

Kiwavi wa Bunaea ni chakula katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo. Kule Lubumbashi, ambako sokoni bishimu, yaani viwavi wa kuliwa, hupimwa kwa kikombe, viwavi wa misitu ya miombo kama Cirina na Gonimbrasia ndio wenye soko kubwa. Anayeandaa Bunaea huminya tumbo kwanza kutoa majani ambayo hayajasagika, maana hayo ndiyo yanayoleta uchungu, kisha humbabua juu ya makaa ili miiba iungue, humchemsha kwa chumvi na kumwanika. Mafuta yanayofanya kiwavi awe mtamu ndiyo yale yale nondo angeyatumia kutetemekea. Asiyemjua kiwavi na mti wake asimle: huko Nigeria, ulaji wa Anaphe venata umehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kupoteza uwiano wa mwili, kwa sababu mdudu huyo ana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1.

Jembe lina uzito zaidi kuliko sufuria. Katika milima ya Kivu mashamba hulimwa Septemba na tena Februari, na kina cha jembe ndicho kina cha bundo. Mti wa Croton ulioachwa katikati ya shamba la maharagwe unaweza kulisha viwavi vizuri kabisa, kisha udongo wa chini yake ukapinduliwa juani kabla ya nondo kutoka. Duara la mita mbili au tatu kuzunguka shina, lisilolimwa, hubadilisha hesabu hiyo bila kumnyima mkulima ardhi nyingi.

Bundo likifukuliwa zima, lishike kiunoni bila kulifinya na ulitazame mkia. Ukizunguka, liko hai. Lilaze ubavu ndani ya shimo la kina cha kiganja chini ya mti uleule, liwekee udongo uliochambuliwa mawe, usiushindilie. Likiwa jepesi na lina tundu la mviringo ubavuni, nyigu au nzi ameshatoka humo, hakuna cha kuzika.